Mahari ya Nyumba ya Kumbukumbu

Jirani yetu wa hapa Arlington, Texas, alikuwa ameshafika duka la dawa, amezima gari na kufungua mlango, ndipo Mama alipomsalimu kutoka kiti cha nyuma.

"Habari ya asubuhi, baba. Tumefika?"

Mzee yule ni Mtexas wa miaka mingi, mjane, mtu wa maneno machache. Alinieleza baadaye kwamba mwanzo alidhani ni redio. Alipogeuka alimwona mwanamke aliyejifunga leso mbili, mkoba mapajani, mkanda wa gari umefungwa barabara. Hakupiga kelele. Alimnunulia Mama chupa ya maji, akanunua dawa zake za presha, wakarudi wote wawili kwa mwendo wa pole. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshawapigia polisi na nilikuwa nazunguka mtaa kwa ndala za bafuni nikiita "Mama! Mama!" na mbwa wa mtaa mzima wakiniitikia.

Gari lilipoingia kwa jirani, Mama alishuka, akamshika mzee mkono, akaniambia, "Mlipe huyu. Anaendesha kwa adabu."

Nilicheka, kisha nikaingia chooni nikalia, kisha nikatoka nikampikia chai. Mama alikuwa akiishi nasi, mimi na mume wangu, tangu Baba alipofariki, na mwanzoni usahaulifu wake ulikuwa wa kawaida tu, ule wa kumwita mtu kwa majina ya ndugu zake wote kabla ya kufika kwake. Halafu akaanza kukaribisha watu. Kijana wa kuleta vifurushi alikalishwa mezani akanyweshwa chai mpaka akapigiwa simu na wakubwa wake. Wakata nyasi walilishwa maharagwe. Mimi hufanya kazi ya kompyuta nyumbani, na Mama alikuwa akiingia kwenye mikutano yangu ya video, anasimama nyuma ya kiti changu na kumwuliza bosi wangu mavuno kwao yamekuwaje. Bosi alimpenda. Lakini bosi hakuwa akiishi naye.

Daktari alisema waziwazi: Mama anahitaji watu walio macho saa zote, na milango asiyoweza kuifungua. Siku hiyohiyo nikaandika kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa letu: "Tuombeeni. Tumeanza kumtafutia Mama nyumba ya kumbukumbu."

Hapo ndipo nilipokosea. Wamarekani wana makao maalumu ya watu wenye ugonjwa wa kusahau, na jina la makao hayo kwa Kiingereza lina neno kumbukumbu ndani yake. Nililigeuza neno kwa neno, bila kufikiri kwamba kwetu kumbukumbu ya mtu hufanywa akiwa ameshalazwa kaburini.

Jioni magari yalijaa mtaani. Akina mama walikuja wamejitanda leso, na masufuria ya pilau, na chapati zilizofungwa kwenye taulo, na katoni za soda. Walipiga hodi huku wimbo wa maombolezo umeshaanza, na aliyewafungulia mlango alikuwa marehemu.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Karibuni, karibuni," Mama akasema. Aliwatazama nyuso, akaona machozi, naye akabadilika sauti. "Jamani. Nani ametutoka?"

Mama akawashika mkono mmoja mmoja akiwapa pole, akawakumbatia, akawaambia Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Wengine walilia kwelikweli, sijui kwa furaha au kwa kuchanganyikiwa. Chakula kililiwa chote.

Mwenyekiti wa akina mama alinifuata jikoni. Ni mwanamke wa Kakamega, muuguzi, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi.

"Kwa hivyo si msiba?"

"Si msiba, dada. Ni makao. Wanamtunza huko."

"Makao ya wazee?" Alishusha sauti na kuangalia mlangoni. "Heri ungekuwa msiba. Msiba watu wanauelewa."

Neno lile lilinikaa rohoni. Kwetu Taita mzazi hapelekwi mahali. Mzazi hukaa, na nyinyi ndio mnaomzunguka. Nilimpigia kaka yangu anayekaa Sugar Land, kule Houston, nikitarajia anitie moyo. Kaka yangu ni dereva wa lori, na dereva wa lori ana maoni kuhusu kila mahali.

"Kama ni kumpeleka, apelekwe huku," akasema. "Houston kuna joto kama la Voi. Huko kwenu kuna barafu."

"Barafu siku mbili kwa mwaka."

"Hizo siku mbili zinatosha kuua mtu."

Basi tukaenda Houston, mume wangu akiendesha, Mama mbele kwa sababu hakubali kukaa nyuma na mizigo, mimi nyuma na mizigo. Lazima nieleze kuhusu mume wangu. Ni Mkongomani wa Bukavu, tumeoana zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu yake nyumba yetu ni ya Kiswahili, maana Kidawida chake, lugha ya kwetu Taita, hakijawahi kuvuka salamu. Mama alimpenda sana zamani. Sasa hamkumbuki, ila anamheshimu kama dereva, na humwita hivyo.

Njiani tulisimama kwenye kituo kimoja cha mafuta, vile vikubwa vya Texas vyenye vyoo vinavyong'aa. Mama aliingia humo nikamngoja. Nikamngoja tena. Nilipoingia nilimkuta akipita mlango kwa mlango, mikono nyuma, akitazama marumaru, masinki, na mwanamke aliyekuwa akifuta vioo.

"Ni hapa?" akaniuliza.

"Hapa wapi, Mama?"

"Hapa mnaponileta."

Nilishtuka. Hatukuwa tumemwambia neno. "Hapana, Mama. Hapa ni petroli tu."

"Basi mnakosea," akasema. "Hapa ni pasafi, watu ni wengi, na kuna nyama choma. Mimi ningekaa."

Tulimtoa kwa taabu.

Makao ya Houston yalikuwa mazuri kwa macho. Mwanamke aliyetutembeza alikuwa na sauti laini kama ya mtu anayemwamsha mtoto. Alimpa Mama paka wa bandia, mwenye manyoya na betri, ambaye ukimpapasa anakoroma. Wazee wengi hutulizwa naye, akasema. Mama alimshika paka shingoni, akamgeuza, akamtazama tumboni.

"Anakamata panya?"

Nikatafsiri. Mwanamke akasema hapana, kazi yake ni kukaa tu.

"Basi ni kama wale wa kwetu," Mama akasema, akamrudisha.

Kule bustanini kulikuwa na kituo cha basi. Benchi, paa dogo, kibao chenye namba, na ratiba ukutani. Ila barabara haikuwepo, na basi haliji. Mwenyeji wetu alieleza kwamba mzee akitaka sana kwenda nyumbani huketi pale akangoja, na baada ya muda hamu humtoka, anarudi ndani kunywa maziwa. Niliona ni ujanja wenye huruma. Mama aliketi pale, nasi tukaingia kuona vyumba.

Kaka yangu hakusikia maelezo hayo. Alikuwa amebaki nje akizungumza kwa simu na kampuni yake kuhusu mzigo wa Laredo. Aliingia kwa mlango mwingine, akamwona Mama benchini, akaketi kando yake. Tulipotoka vyumbani tuliwakuta wameketi bega kwa bega, wote wawili wanatazama upande mmoja.

Kaka yangu aliinuka kidogo kwa hasira. "Hili basi linapita saa ngapi? Tumekaa hapa sana."

Mwanamke wa sauti laini alimtazama, akanitazama mimi, akauliza polepole kama tunatafuta chumba kimoja au viwili.

Mume wangu alilazimika kwenda kusimama nyuma ya mti.

Kisha tukaketi ofisini tukatajiwa ada. Kaka yangu aliomba irudiwe, kwa sababu alidhani ni ya mwaka, kumbe ni ya mwezi. Nami ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema: bima ya serikali ya wazee hulipa daktari na hospitali, lakini kitanda, chakula, na mtu wa kukukumbusha kwamba umeshaoga, hivyo ni juu yako na ukoo wako. Tulirudi Arlington. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alikuwa akihesabu malori.

Kaka yangu alikubali mwenyewe kwenye simu kwamba Houston haiwezekani, kwa kuwa yeye hulala barabarani nusu ya mwezi na hakuna wa kumtembelea Mama. Tukaanza kutafuta upande wetu. Tuliona makao yaliyonuka, tukaona makao yaliyonukia mno, na mengine ambamo televisheni ilikuwa ikiwatazama wazee waliolala. Mwisho tukafika nyumba moja ya matofali mekundu karibu na Mansfield, dakika chache tu kwa gari kutoka kwetu.

Kabla sijaenda mbele, niseme Mama alikuwa nani kule nyumbani. Alikuwa mkulima wa mboga na muuzaji wa mboga, lakini sifa yake ilikuwa mahari. Posa ikifika katika ukoo wetu, wanaume walikaa mbele wakizungumza, naye aliketi nyuma ya pazia. Hakusema neno. Alikohoa. Kikohozi kimoja kilimaanisha msikubali. Akikohoa tena, ongezeni mbuzi. Mume wangu aliposafiri hadi Voi kunioa, na wajomba zake waliotoka Bukavu kwa mabasi, alikisikia kikohozi kile mchana kutwa, na hadi leo mtu akipata mafua karibu naye hushika mfuko.

Meneja wa nyumba ile ya matofali alitupokea mlangoni. Alikuwa Mtexas mnene mwenye uso wa furaha, viatu virefu vya ngozi, na bizimu ya mkanda kubwa kama kisosi, yenye kichwa cha fahali. Mama alianza kumkagua kutoka viatuni, akapanda polepole, akafika kwenye fahali, akasimama hapo.

"Huyu ana ng'ombe," akaninong'oneza.

"Mama, huyu ni meneja."

"Muulize."

Nilimwuliza kwa aibu. Uso wa meneja uliwaka. Alikuwa amezaliwa shambani karibu na Cleburne, na kaka yake anafuga mpaka leo. Alitoa simu akaonyesha picha, na Mama akainama juu yake, vichwa vyao karibu vinagusana.

"Huyu mweusi ana maziwa?"

"Ni wa nyama, mama."

"Basi huyo hapana. Yule mwekundu."

Tuliingia sebuleni tukapewa biskuti, na hapo Mama akatupanga. Meneja upande ule. Mume wangu upande huu. Mimi alinionyesha kiti cha nyuma, kilichotazama ukuta.

"Mbona mimi huko, Mama?"

"Bibi harusi hasikilizi bei yake."

Ndipo nikafahamu mwenye kuozwa ni nani. Mume wangu naye alifahamu. "Mama," akasema kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "huyu ni bibi yangu. Miye nililipaka yote, hata ile mbuzi ya mwisho."

"Dereva," Mama akamjibu, "ukitaka kuoa, ngoja zamu yako."

Ilibidi nigeuze kiti changu, kwa kuwa hakukuwa na mkalimani mwingine. Meneja alianza vizuri: chumba cha watu wawili ni nafuu kuliko cha peke yako, wauguzi wapo, bustani ipo. Kisha akafika kwenye ada ya kuingia, ambayo hulipwa mara moja tu, mwanzoni. Nikatafsiri.

Mama aliweka biskuti yake mezani. "Nani anamlipa nani?"

"Sisi tunawalipa wao, Mama."

"Tunawapa mtu, halafu tunawapa na pesa?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni. "Kwani binti ana kasoro gani?"

"Anasemaje?" meneja akauliza.

"Anauliza kama ada hiyo inazungumzika," nikamwambia.

Meneja alivuta pumzi, akaanza kueleza kuhusu sera za kampuni. Mama akakohoa.

Niliona mgongo wa mume wangu ukinyooka. Meneja alikimbia kuleta maji. Mama akanywa, akasema asante kwa Kiingereza, akarudisha glasi, akakohoa tena.

"Ana shida ya kifua?" meneja akauliza. "Muuguzi wetu angepaswa kumpima."

"Hapana," mume wangu akamjibu kwa Kiingereza chake cha Kifaransa, akijifuta jasho. "Hiyo ni mbuzi."

Kisha Mama akafanya kile ambacho wazee wa kwetu hukifanya mazungumzo yanapokwama. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni bila kuaga. Ni mbinu ya zamani: ukifika uani, watakukimbilia. Ila mlango ule hufunguka kwa namba za siri, na Mama hakuwa nazo. Aliutikisa. Akausukuma kwa nyonga. Aliporudi alikuwa ametulia, tena anatabasamu, akaketi akaniegemea sikioni.

"Wamefunga mlango. Wanamtaka sana."

Meneja hakuelewa lolote, ila alijua biashara inamponyoka. Aliomba radhi akatoka kwenda kumpigia mkubwa wake. Tulimsikia akizunguka koridoni na viatu vyake. Aliporudi alikuwa amebeba kitu kilichokunjwa. Alisema vitanda kadhaa viko wazi mwezi huu, kwa hivyo ada ya kuingia imefutwa, na ada ya mwezi haitapanda kwa mwaka mzima. Na hii, akasema akimpa Mama kwa mikono miwili, ni zawadi ndogo kwa wageni wetu.

Lilikuwa blanketi jepesi la rangi ya zambarau, lenye picha ya nyumba pembeni.

Sijui nani alimfundisha mtu yule kutoa kwa mikono miwili. Mama alilipokea, akalifungua, akajitanda mabegani. Kwetu mahari huja na blanketi la mama wa bibi harusi! Alirudisha kichwa nyuma akapiga kigelegele kilichojaza nyumba nzima. Koridoni mlango ukafunguka, bibi mmoja wa Kizungu kwenye kiti cha magurudumu akatoa kichwa na kuanza kupiga makofi. Mwingine akauliza nani ameshinda.

Ng'ombe mwekundu hatukumpata. Mama alikubali abaki kuwa deni, kwa kuwa mahari hayamaliziki siku moja.

Ndani ya gari nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Mume wangu hakucheka. "Mimi hiyo ada ya kuingia singeipunguza hata dola moja," akasema kwa mshangao wa kweli. "Umemwona? Amegonjwa, lakini umemwona?"

Nilimwona.

Sasa ilibaki kulipa kila mwezi. Tulikutana kwenye simu, mimi, kaka yangu na dada yetu mdogo aliyebaki Voi. Mama ana vyumba vya kupangisha kule, alivyovijenga kwa sukuma wiki na vikohozi, na dada akasema kodi yote ije kwa Mama mwenyewe. Kodi ile ikivuka bahari hukonda sana, lakini ilikuwa yake, na nilifurahi kwamba atakuwa anajilipia kitu. Kaka yangu alichukua safari ndefu zaidi. Mume wangu aliongeza shifti za wikendi kwenye ghala. Bado palikuwa na pengo la miezi ya mwanzo, na aliyeliziba hatukumtarajia.

Mwenyekiti wa akina mama, yule wa heri msiba, alikuja siku moja kumwona Mama nikamwacha naye kidogo nikaenda dukani. Niliporudi nywele za Mama zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu, chai imemwagika, naye alikuwa amemfungia mgeni wake stoo akidhani ni mwizi wa kuku. Nilipomfungulia alitoka akiwa mtu mwingine.

"Tutafanya harambee," akasema. "Jumamosi ijayo. Na atakayesema neno, nitamleta hapa akae saa moja."

Harambee ikafanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Palikuwa na samosa, spika mbovu, na jogoo. Mnada wa jogoo sisi Wakenya hatuuachi hata tukihamia mwezini: anauzwa, mnunuzi anamrudisha kwa heshima, anauzwa tena. Huyu alikuwa jogoo mwekundu aliyenunuliwa kwa Mmeksiko mmoja nje ya mji, akafungwa miguu kwa kamba ya kiatu. Bei ilikuwa inapanda vizuri ndipo sauti ikatoka meza ya mbele.

"Naongeza!"

Alikuwa Mama, ameinua mkono, blanketi la zambarau begani.

Msema-chochote, aliyekuwa akiendesha mnada, alisita. "Mama, wewe ndiye tunayekuchangia."

"Naongeza tena!"

Watu wakaanza kushindana naye, kwa kicheko kwanza, kisha kwa dhati. Mhasibu mmoja alitaja bei ya mbuzi. Mama akataja bei ya ng'ombe. Mhasibu alifika mahali mke wake akamshika mkono, naye akakaa. Ukumbi ukamshangilia Mama, na yeye akafungua mkoba, akatoa kitambaa, kitana na nusu ya biskuti, akaviweka mezani kama malipo kamili. Watu walisimama. Kila aliyeshindwa na Mama alikuja kulipa bei aliyokwamia, na wengine walilipa mara mbili. Mama alikataa katakata kumrudisha jogoo. Tulirudi naye nyumbani ndani ya gari, akiwika kwenye kila taa nyekundu, na Jumapili tukamla kwa ugali.

Siku ya kumhamisha Mama nilitarajia vita. Nilikuwa nimepanga nguo zake tangu asubuhi, leso juu, sweta chini. Alinitazama akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Mume wangu ndiye aliyejibu, kwamba kuna watu wanamngoja Mansfield.

"Basi twende," Mama akasema. "Si vizuri kungojwa."

Aliingia nyumba ile ya matofali kama mtu aliyechelewa mkutanoni. Alimsalimu meneja kwa kumwuliza ng'ombe hawajambo. Chumbani alikuwa na mwenzake, bibi mwembamba aliyekuwa mwalimu wa piano, ambaye huongea kutwa na hasikii. Mama naye huongea kutwa na haelewi Kiingereza chote. Tulipoondoka walikuwa kwenye mazungumzo mazito, kila mmoja kwa lugha yake, wakiitikiana kwa vichwa.

Wahudumu walitushauri tumpe siku chache azoee. Nilifika nyumbani nikabandika birika la chai la watu wengi, na niliposikia hatua koridoni nikasema bila kugeuka, "Mama, usifungue huo mlango." Alikuwa mume wangu. Alikaa, akanywa kikombe chake, kisha akanywa na cha Mama, ili kisibaki pale mezani.

Nilipoenda kumwona mara ya kwanza, nilimkuta kwenye meza ya mabibi karibu na dirisha. Nywele zake zilikuwa zimechanwa vizuri. Mhudumu mmoja wa Nakuru alikuwa amempaka mafuta mpaka anang'aa. Mama aliponiona alifurahi, akanisogezea kiti, akanishika mkono. Lakini macho yake yalikuwa yale ya kumkaribisha mgeni.

"Umetoka mbali?"

"Arlington."

"Peke yako? Mama yako hajambo?"

Nilitafuta la kusema nikapata lile la kweli. "Anaumwa kidogo, Mama. Anasahausahau."

Alisikitika sana. Aligonga meza kwa kiganja mpaka mabibi wote wakanyamaza, hata yule wa piano. "Huyu ni mtu wa kwetu," akawatangazia kwa Kiswahili. "Mama yake ni mgonjwa. Tumwombee."

Aliinamisha kichwa, nao wakainamisha. Akaomba kwa sauti yake ile ya zamani ya alfajiri, akimtajia Mungu jambo moja baada ya jingine: mama wa huyu apone, asipotee njia, apate watu wema, asilale na njaa, na binti yake asichoke. Hakuna hata mmoja wa wale mabibi wa Texas aliyeelewa neno. Alipofika mwisho wakasema amina kwa pamoja, nami nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama alinifuta uso kwa pembe ya leso, bila kuuliza nalilia nini. Kisha akasikia magurudumu ya meza ya chakula yakija, akageuka, akanyoosha mgongo.

"Haya, nenda ukamwangalie mama yako," akaniambia. "Sisi hapa tunakula sasa, na wageni hawakuhesabiwa."